Mtani Aliyemteka Mke Wangu Siku ya Kimbunga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango, msidhani siwaoni. Katibu wa kanisa aliniambia ushuhuda wangu niuandike usomwe, kwa sababu nikishika kipaza sauti simalizi. Ni kweli, simalizi. Basi nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la nne, na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa madaktari.

Mnanijua. Mimi ni Baba Kulwa wa asali. Asiyenijua huyo ni mgeni Tabora, na tunamkaribisha. Nilianza nikiwa kijana, nabeba mizinga kichwani katika mapori ya Uyui, huko ndani kupita Isikizya, miguu peku, siafu wananipandia mpaka magotini. Baba yangu aliniachia shoka na jina, basi. Leo nina nyumba ya bati la rangi, nikanunua na lori la Fuso, na asali yangu inalambwa mpaka Dar es Salaam. Digrii sina, lakini wenye digrii wananunua kwangu. Hakuna mtu katika mji huu anayewajua nyuki kama mimi, na hilo sitalitubu leo wala kesho. Nayasema haya ili mjue ni mtu wa namna gani aliyetupwa majini.

Na Mungu nilimjua, ndugu zangu. Mavuno yakifika nilileta dumu la asali mbele ya madhabahu, na mnada wa mazao ukianza, mbuzi wa kanisa alikuwa anatoka na mimi. Nilidhani mimi na Mungu tunaelewana kama wafanyabiashara wawili wa soko moja. Yeye ananipa, mimi namrudishia kidogo, tunapeana mikono.

Sasa sikieni.

Mnakumbuka redio zilivyotangaza kimbunga cha pwani. Ninyi mliisikia habari ile mkiwa mnakula ugali. Mimi nilikuwa ndani yake!

Nilifuata nini huko? Nilifuata maua. Mteja wangu mmoja aliniambia kwamba kwenye pwani ya Rufiji kuna mikoko, miti inayoota ndani ya maji ya chumvi, na ikichanua nyuki wanatengeneza asali nyepesi yenye rangi ya mchele. Nikasema, yaani kuna maua mahali na Mnyamwezi hajafika? Nikapakia mizinga ya magogo, nikampakia na Mama Kulwa, mke wangu wa ndoa, ambaye alikuwa hajaiona bahari tangu azaliwe, tukashuka pwani. Babu wa babu yangu aliitembea njia ile ya wapagazi kutoka Unyanyembe kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Mimi nilikwenda nimekaa.

Tukapanga chumba kwa mjane mmoja muuza vitumbua, Bi Mwanaidi. Mzaramo huyo, aliolewa kijiji kile akazeekea pale. Aliposikia kabila letu tu, alipiga vigelegele kijiji kizima kikatoka nje.

“Heee! Wapagazi wamefika! Mizigo iko wapi, au leo mmejibeba wenyewe?”

“Mzaramo, piga magoti, mwenye nchi amekuja,” nikamjibu. “Ngoma utacheza baadaye. Kwanza nipe maji ya kunywa.”

“Maji? Si hayo hapo, bahari nzima! Kunywa mpaka uimalize.”

Mama Kulwa akaenda akayaonja kweli. Ndugu zangu, watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Vijana wa siku hizi huenda hamjui mambo haya, mnajua simu tu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Wazee wetu waliposhuka na mizigo, Wazaramo ndio waliowakuta njiani, wakagombana, wakapatana, na kupatana kwenyewe kukawa ndiyo utani. Mtani anakutukana, hukasiriki. Anaingia jikoni kwako anachukua kuku, hudai. Ukinuna, wewe ndiye uliyekosa adabu. Bi Mwanaidi alichukua viatu vyangu vya kanisani akamvalisha mpwa wake. Mimi nilikuwa nakunywa supu yake ya pweza kila asubuhi na silipi hata shukrani. Mizinga yangu aliita kuni, na mimi mwenyewe akaniita kuni. Kila nikipita anaomba mmoja akachomee vitumbua.

Alfajiri moja alipiga kelele nje ya dirisha letu: “Mnyamwezi! Bahari inakuja! Amka, bahari imepanda!” Nilitoka mbio na kitenge cha mke wangu kiunoni, sikusimama mpaka barabarani. Kumbe ni maji kujaa tu, yanavyojaa kila siku tangu dunia iumbwe. Wavuvi walilia kwa kucheka. Na mimi nikalipiza. Nilimwambia apake asali mbichi usoni alale nayo, atapata mume. Akaamka na sisimizi kope zote. Alikuja kunionyesha uso umevimba, anacheka kunishinda mimi! Huo ndio utani. Lakini moyoni niliapa: huyu mwanamke hatanikimbiza tena kamwe, hata aje na nini.

Ndugu zangu, hapo ndipo shetani alipokaa, kwenye kiapo kile.

Redio ilikuwa imesema habari za upepo mkali. Nikasikia, nikazima. Upepo mimi naujua, ule wa Agosti wa kwetu, unainua vumbi, unavua watu kofia, unapita. Siku yenyewe kulikucha kimya. Hakuna jani lililotikisika. Joto la kukaba koo. Nikaenda kuangalia mizinga yangu kwenye mikoko, na nyuki wangu hawakutoka. Wamejaa mlangoni mwa mzinga, wamesongamana, wananguruma kwa ndani. Mimi mtaalamu! Mimi ambaye nyuki akipiga chafya najua! Nikasema wamelewa maua, kesho watatoka.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Bi Mwanaidi mlangoni. Ushungi umefungwa kiunoni.

“Baba Kulwa,” akasema, “chukueni nguo tuondoke. Watu wote wanapanda shuleni kule mlimani. Kimbunga kinakuja.”

Ndugu zangu, miezi yote ile hakuwahi kuniita Baba Kulwa. Alikuwa ananiita Mnyamwezi, mpagazi, kuni. Siku ile aliniita jina langu la heshima, na mimi sikusikia!

“Leo umekuja na mbinu mpya,” nikamwambia, na kucheka nikacheka. “Bahari inakuja tena? Nisubiri nivae kitenge.”

“Wallahi si utani. Nakuapia.”

“Na viapo mmeanza kuvitia kwenye utani, Wazaramo? Hamna hata haya.”

Alinitazama. Nilitegemea acheke, hakucheka. Akamgeukia mke wangu. Mama Kulwa alikuwa anachambua dagaa, mikono ina magamba. Bi Mwanaidi akamshika mkono akamwinua.

“Haya basi, iwe utani! Nakuteka mkeo. Mtani nimechukua, hukasiriki. Ukimtaka, mfuate shuleni na dumu zima la asali umkomboe.”

“Mchukue!” nikasema. “Umlishe na umvishe, mimi nimeshachoka!”

“Usichelewe, we kuni!” akaniambia. Wakaondoka, Mama Kulwa anacheka na dagaa mkononi. Mimi nikabaki nacheka peke yangu mlangoni. Nilimtoa mke wangu kwa mzaha, na kwa mzaha ule Mungu akampokea!

Jua lilipofika utosini likazimika. Si wingu kama mawingu yetu. Lilikuwa kama mtu amefunika sufuria. Nikakumbuka mizinga yangu, nikachukua kamba, nikaingia kwenye Fuso kwenda kuifunga kule kwenye mikoko. Sikukumbuka kufuata mke. Nilikumbuka mizinga.

Nimefika mikokoni tu, ndipo ulipokuja.

Ndugu zangu, nyote mnaujua upepo. Sahauni. Ule haukuwa upepo, ulikuwa mlio. Ulikuwa kama garimoshi la mizigo linapita juu ya kichwa chako na mabehewa hayaishi. Minazi, miti mirefu ile, ilipiga magoti yote upande mmoja, halafu ikaanza kung'oka, ng'wa! ng'wa! kama mtu anayepalilia karanga. Bati lilipita mbele ya kioo cha gari limejikunja kama karatasi ya sigara. Nikaona mtumbwi juu ya mti. Nikafumba macho nikafumbua, bado uko juu ya mti! Nikafungua mlango nishuke, mlango ukachukuliwa. Sisemi ulifunguka. Ulichukuliwa!

Halafu maji. Hayakuja kama wimbi mnaloona kwenye televisheni. Yalipanda tu, yakitokea kila upande, kati ya mizizi ya mikoko, ya matope, mazito, na yanakwenda mbio. Nikapanda juu ya paa la gari. Gari langu, ndugu zangu, chuma kile nilichonunua kwa jasho la maisha yangu yote, lilielea. Likageuka ubavu polepole kama ng'ombe anayelala. Nikaingia majini, na mimi kuogelea sijui. Tabora nikaogelee wapi?

Nilikunywa maji ya chumvi. Nikazama, nikaibuka, mkono wangu ukapiga kitu kigumu. Mzinga. Mzinga wangu mwenyewe wa gogo, umekatika kamba, unaelea. Nikaukumbatia kama mtoto anavyomkumbatia mama yake. Na nyuki walikuwa ndani! Wakaanza kutoka wakiwa wamelowa, wananiuma mikono, wananiuma shingo, wananiuma midomo. Na mimi nawaambia, umeni tu, umeni, lakini siachii!

Hapo nikaanza kusali. Nilisali kwa Kinyamwezi, Kiswahili chote kilikuwa kimenikimbia. “Mulungu! Mulungu!” Nikamwambia, ukinitoa hapa nitakupa mbuzi. Wimbi likanipiga. Nikasema, nitakupa mizinga yote. Mizinga ndiyo hiyo inapita pembeni yangu inakwenda baharini. Nikasema, nitakupa Fuso! Na Fuso ndiyo ile, magurudumu juu, inazama mbele ya macho yangu!

Ndugu zangu, nilinyamaza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilinyamaza. Mtu wa kununua na kuuza, sina cha kuweka mezani. Nikasema neno moja tu: “Nichukue.” Sikujua hata nasema anichukue wapi, juu au nchi kavu. Nikalala juu ya mzinga ule, maji yakanibeba.

Yalinitupa ndani kabisa, kwenye matawi ya mikoko, nikanasa kama nguo iliyoanguka kambani. Nikashika. Upepo uliendelea, ukapungua, ukarudi, ukapungua tena. Maji yaliposhuka nikashuka nayo. Nguo sikuwa nazo, ila suruali mguu mmoja. Uso umevimba kwa nyuki hata jicho moja halioni. Nilikuwa mzima! Aleluya, nilikuwa mzima!

Nikaanza kuutafuta mlima wa shule, na kijiji sikukiona. Nilipita juu yake bila kujua ndicho. Kulikuwa na matope, na minazi imelala kama njiti zilizomwagika, na mbuzi aliyekufa amening'inia uani kwa mtu. Kisima tulichokuwa tunachota kimejaa maji ya bahari mpaka mdomoni. Mashamba ya mpunga yalikuwa meupe kwa chumvi. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya kizingiti cha nyumba yake. Kizingiti kimebaki, nyumba haipo. Nikamwuliza, “Shikamoo mzee, shule iko wapi?” Akanyoosha kidole. Nikatazama. Shule haikuwa na paa.

Nilikuwa nimemwambia, mchukue umlishe na umvishe. Hayo ndiyo yangekuwa maneno yangu ya mwisho juu ya mke wangu. Ule mlima ni mdogo, ng'ombe wa Igunga wanaupanda bila kuhema, lakini mimi niliupanda kwa mikono.

Watu walikuwa wamejazana chumba kimoja cha darasa ambacho kuta zake zilisimama. Nikaita, “Mama Kulwa!” Nikaita tena, sauti imekwisha kwa chumvi. Akainuka mwanamke mmoja kutoka kona, amebeba mtoto ambaye si wake, akanitazama hakunitambua, uso ulivyovimba.

“Ni mimi,” nikasema.

“Wewe nani?”

“Kuni,” nikasema. Sijui kwa nini nilisema vile.

Akanirukia. Alinipiga kifuani kwa ngumi, mke wangu yule mpole mnayemjua, ananipiga analia, “Ulikuwa wapi? Ulikuwa wapi, Baba Kulwa, tumekusubiri!” Nikamshika. Tukakaa chini matopeni. Mungu ni mwema, ndugu zangu! Ni mwema!

Nilipoweza kusema nikauliza, “Bi Mwanaidi yuko wapi? Nimpe hongera, leo kanishinda.”

Mama Kulwa akaacha kulia.

“Alikurudia,” akasema. “Upepo ulipoanza. Alisema, yule mjinga bado anadhani nacheza. Nilimshika nguo akajichomoa.”

Tulimkuta kesho yake asubuhi. Mnazi ulimwangukia mbele ya mlango wetu. Alifika, ndugu zangu. Alifika mpaka mlangoni kwangu, akagonga labda, akaita, na mimi nilikuwa nimekwenda kufunga mizinga.

Mtu mmoja aniambie hapa mstari wa kuandika baada ya huo. Mimi sina.

Kwa desturi ya watani, mmoja akifa, mwenzake ndiye anayekwenda kwenye msiba kufanya vituko. Anaigiza marehemu, anazuia jeneza, anaingia kaburini anagoma kutoka, mpaka wafiwa wacheke wapumue. Pale nilikuwa mtani peke yangu. Barabara zimekatika, madaraja yamekwenda, Mnyamwezi mwingine angetokea wapi? Na marehemu hakuwa Bi Mwanaidi peke yake, makaburi yanachimbwa kwa masufuria kwa sababu majembe yamezama. Nilisimama pembeni kama gogo. Kaka yake aliyehamia kijiji kile, mzee mwenye kanzu iliyochanika begani, akanijia.

“Mtani,” akasema, “mbona umesimama? Fanya kazi yako.”

“Siwezi, mzee wangu. Nisamehe. Siwezi.”

“Kwa hiyo dada yangu azikwe kimya kama mtu asiye na watani?” Machozi yanamtoka. “Utamzika kama mgeni?”

Basi nikaenda. Walikuwa bado hawajamleta. Nikashuka kaburini, nikalala chali kwenye mchanga ule wenye maji, nikafumba macho. Wakaniambia toka. Nikasema sitoki. Nikapaza sauti yote niliyokuwa nayo: “Sitoki! Kaburi hili ni langu! Mzaramo mwizi huyu kaniibia! Alikuta nimelisahau, kalichukua! Wazaramo ni wezi, mwambieni anirudishie kaburi langu!”

Wakacheka. Wallahi walicheka, na mimi Mkristo naapa hivyo kwa heshima yake. Watu wasiokuwa na nyumba, wasiokuwa na maji ya kunywa, walicheka pale juu ya kaburi. Halafu kicheko kikakatika. Kikakatika chote kwa pamoja, kwa sababu wote walikuwa wanajua. Na mimi niko chini, natazama mbingu, hazina hata wingu moja, na hayakuwa maneno ya kuchekesha. Kilikuwa ni kitu kilichotokea. Kaka yake akanipa mkono akanivuta juu. Alinifuta mchanga mgongoni.

Tulikaa kule mpaka njia ilipofunguka. Watu wale waliopoteza kila kitu walitulisha muhogo uliolowa, wakitupa sisi kwanza kwa sababu ni wageni. Tulirudi Tabora kwa basi la watu, mimi na Mama Kulwa, mikono mitupu, na suruali niliyovaa ni ya marehemu mume wa Bi Mwanaidi.

Ndugu zangu, mchungaji aliniomba ushuhuda wa furaha. Nimeokolewa, nasema kwa sauti, nimeokolewa! Lakini sijaacha kushangaa. Ninaamka asubuhi, naona bati la rangi juu yangu, nashangaa. Nyuki wakinguruma mzingani, nashangaa. Nilimwomba Mungu kwa Kinyamwezi, na kabla sijaomba alikuwa ameshatuma mtu, na mtu mwenyewe alikuwa ananiita kuni. Najua wengine humu mtanung'unika kwamba yule mama hakuwa wa imani yetu, hata jina lake lisitajwe madhabahuni. Nung'unikeni. Wakati Mungu anachagua wa kumtuma mlangoni kwangu hakuja kutuuliza sisi wa viti vya mbele.

Na wewe usiyemtegemea Mungu bado, unayetegemea gari, duka, na mikono yako, sikutishi. Nakuambia nilichokiona. Atakutumia mtu, na huenda mtu huyo akufanye ucheke au ukasirike. Ukiitwa, toka. Toka na kitenge kiunoni kama ni lazima!

Sasa namwomba katibu anayesoma anyamaze kidogo. Mimi hapa nasimama, na Mama Kulwa anasimama, tumshukuru Mungu kwa ajili ya Mwanaidi binti wa Kizaramo. Anayemwamini Mungu huyu asimame na sisi.